Herufi Moja Mbele ya Nomino: Historia ya Kibainishi cha Kiingereza katika Shule za Mara

Sarufi ya Kiingereza humtaka msemaji, kila anapotaja kitu kimoja kinachohesabika, aamue kwanza kama msikilizaji wake anakitambua kitu hicho au hakitambui, kisha auoneshe uamuzi huo kwa neno fupi linalotangulia nomino. Neno hilo fupi ndilo linaloitwa hapa kibainishi. Likiwa ni "the" huitwa kibainishi dhahiri, kwa kuwa hudai kwamba kinachotajwa kimekwisha kutambulika kwa pande zote mbili. Likiwa ni "a", au umbo lake "an", huitwa kibainishi kisodhahiri, kwa kuwa huleta mbele ya msikilizaji kitu ambacho hajakifahamu bado, kimoja kati ya vingi vya aina yake. Katika shule za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara nchini Tanzania, ambako Kiingereza kimefundishwa kwa miongo mingi, herufi hiyo moja imekuwa miongoni mwa sehemu za somo zinazosahihishwa mara kwa mara na kufafanuliwa kwa nadra. Ugumu wake hautokani na upungufu wa watoto wa Mara, wala wa lugha walizonyonya kwa mama zao. Unatokana na njia ambayo somo hilo lilipitishwa, na njia hiyo ina historia inayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Inafaa kuanza na lugha yenyewe iliyofundishwa, kwa sababu Kiingereza hakikuzaliwa na kibainishi kisodhahiri. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi kufikia karne ya 11, neno "ān" lilikuwa namba, likimaanisha moja, na aliyetaka kumtaja mtu au mnyama asiyejulikana aliweza kutumia nomino peke yake bila kitangulizi chochote. Katika karne zilizofuata namba hiyo ilipoteza mkazo wa sauti, ikafupika kuwa "an", kisha "n" yake ikadondoka mbele ya konsonanti, ikabaki "a". Umbo refu ndilo kongwe. Kanuni ya darasani isemayo kwamba "a" huongezewa "n" mbele ya irabu inafanya kazi yake, lakini inaigeuza historia juu chini, maana hiyo "n" haikuongezwa na mtu, bali ndiyo iliyosalia pale ilipopata irabu ya kuishika. Waingereza wenyewe walipotewa na mpaka baina ya kibainishi na nomino: vazi la jikoni lililoitwa "napron" lilisikika vibaya hata "a napron" ikawa "an apron", na jina la nyoka mmoja likapoteza "n" yake kwa namna hiyohiyo, likawa "adder". Kibainishi kisodhahiri cha Kijerumani na cha Kifaransa nacho kilitokana na namba moja, wakati Kilatini, Kirusi, Kichina na Kijapani havina kibainishi cha aina yoyote, na Kiarabu pamoja na Kigiriki cha Agano Jipya vina kile kilicho dhahiri tu. Hivyo mtoto wa Mara aliyekutana na "a" hakukutana na kanuni ya lazima ya akili ya binadamu. Alikutana na desturi ya baadhi ya lugha, iliyokua polepole kutokana na kuhesabu.

Kiswahili kimeipita njia hiyohiyo, ingawa hakikufika mwisho wake. Mtambaji wa hadithi anayeanza kwa kueleza kwamba hapo zamani palikuwa na mzee mmoja hahesabu wazee. Neno "mmoja" katika nafasi hiyo linamwonya msikilizaji kwamba mzee anayeletwa ni mgeni katika masimulizi na kwamba habari zake zitafuata. Katika sentensi ya pili mzee huyo hawi tena "mzee mmoja", anakuwa "yule mzee" au "mzee huyo", na msikilizaji ambaye hajawahi kuingia darasani hulijua badiliko hilo kiasi kwamba angeshtuka kama mtambaji angerudia "mzee mmoja", akidhani ameingia mzee mwingine. Iko njia nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kiambishi cha mtendwa, yaani silabi inayopachikwa ndani ya kitenzi ili kukiwakilisha kitu kinachotendwa. Anayesema "mwalimu ameleta kitabu" anatoa habari ya kitabu kisichokuwa kimezungumzwa, lakini anayesema "mwalimu amekileta kitabu" anakusudia kile kilichokuwa kikingojewa. Kwa watu na wanyama kiambishi hicho hutumika karibu kila mara, hivyo hakiwezi kutenganisha kinachojulikana na kisichojulikana. Kwa vitu, tofauti hiyo ni hai, na wasemaji huifuata bila kufundishwa.

Hata hivyo, watoto walioingia shule za Musoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wengi wao hawakuwa wametoka katika Kiswahili. Walitoka katika Kizanaki cha Butiama, Kijita cha Majita, Kikwaya cha kandokando ya Musoma, Kiikizu na lugha nyingine za Kibantu zilizosongamana kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, pamoja na Kikuria cha Tarime na Kijaluo cha Rorya, ambacho asili yake ni ya Kiniloti. Nyingi za lugha hizo za Kibantu zina jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza, nalo ni irabu tangulizi: irabu inayokaa mbele ya kiambishi cha ngeli. Mjita humwita mtu "omunu" na watu "abhanu", ambapo Mswahili husema "mtu" na "watu"; Wakuria hujiita "Abakuria". Wanasarufi wa Ulaya wa karne ya 19, miongoni mwao Wilhelm Bleek, walipokutana na irabu ya namna hiyo katika lugha za kusini mwa Afrika waliiita kibainishi, kwa kuwa iliwakumbusha vibainishi vya kwao.

Jina hilo halikukaa vizuri. Irabu tangulizi haitenganishi kinachojulikana na kisichojulikana kwa mkato ule wa "a" na "the", na matumizi yake hutofautiana kutoka lugha moja ya eneo la Maziwa Makuu hadi nyingine. Lakini haikosi uhusiano na jambo hilo. Katika Kiganda, ambacho ni jamaa wa lugha hizi na kimechunguzwa kwa muda mrefu, mtu huitwa "omuntu", ila katika kukanusha kuwapo kwa mtu yeyote irabu huondoka na kubaki "muntu", kana kwamba lugha inakataa kulivika vazi kamili jina lisilo na mwenyewe. Kijaluo hakina irabu hiyo, lakini kina neno "moro", linalowekwa baada ya nomino ili kuonesha mtu au kitu fulani ambacho hakijabainishwa. Kwa ufupi, kila mtoto aliyeketi darasani alikuja na namna yake ya kupima kile ambacho msikilizaji anakifahamu. Tangu miaka ya 2000, wanaisimu na wafasiri wa Biblia wa shirika la SIL walioweka ofisi Musoma wameshirikiana na wenyeji kuandaa taratibu za kuziandika kadhaa za lugha hizi. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia inayoelezwa hapa shule ilizichukulia kama lugha za nyumbani, zisizo na la kufundisha.

Shule yenyewe ilikuja kwa tabaka. Utawala wa Wajerumani, uliomalizwa na Vita Kuu ya Kwanza, uliendesha shule na ofisi zake kwa Kiswahili, na Waingereza walipopokea Tanganyika waliuendeleza msingi huo katika madarasa ya chini huku wakiweka Kiingereza juu yake kwa wachache walioendelea mbele. Mwaka 1925 ulifanyika Dar es Salaam mkutano wa elimu uliowakutanisha maofisa wa serikali na wamisionari, na ushirikiano wa pande hizo ukatambuliwa rasmi. Mara ilikuwa na wamisionari wa kila namna: Wakatoliki wa Nyegina, Waadventista wa Majita na Ikizu, na Wamenoniti waliofika Shirati mwaka 1934. Serikali nayo ilikuwa na shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma.

Mwaka huohuo wa 1934 aliandikishwa Mwisenge mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuitwa Kambarage, ndiye Nyerere aliyekuja kuwa rais wa nchi. Safari ya kutoka Butiama hadi Mwisenge ni ya takribani kilomita 40 tu, lakini kwa upande wa lugha ilikuwa ndefu kuliko hivyo, kwa sababu mtoto huyo aliyekuwa na umri wa miaka 12 alipaswa kujifunza Kiswahili kwanza ndipo akifikie Kiingereza. Alikuwa mfano wa hali ya jumla. Kiingereza cha mtoto wa Mara kilijengwa juu ya lugha ya pili, lugha isiyokuwa na irabu tangulizi wala kibainishi, na mwalimu aliyetafsiri sentensi ya Kiingereza kwa Kiswahili alilazimika kuiacha "a" njiani, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kutua. "This is a book" iligeuka kuwa "hiki ni kitabu". Katika ulinganisho huo mwanafunzi huona maneno matatu ya Kiswahili yakikabili manne ya Kiingereza, na hitimisho jepesi kwake ni kwamba "is a" kwa pamoja ndiyo "ni". Akiisha kuamini hivyo ataandika "is a" hata mbele ya nomino ya wingi au mbele ya sifa isiyo na nomino, na mwalimu atakata kwa wino bila kujua kosa lilikozaliwa.

Mbinu iliyotawala ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni katikati ya karne ya 20 ilizidisha hali hiyo. Mwalimu alishika kitu mbele ya darasa, akatamka sentensi, na darasa zima likairudia. Kitu kikabadilishwa na sentensi ikabaki ileile. Mbinu hiyo ina nguvu zake, nazo si za kubeza, kwa kuwa ilimpa mtoto matamshi na mpangilio wa maneno kabla ya kumlemea kwa istilahi. Lakini kalamu inayoonekana na wote darasani ndiyo mfano mbaya kuliko yote wa kufundishia kisichojulikana. Mtoto anaiona, mwalimu anaiona, na bado sentensi inasema "a pen". Kilichobaki cha kufundisha ni sauti: irabu tano za alfabeti zikaorodheshwa ubaoni, na mwanafunzi akaambiwa aweke "an" mbele yake na "a" mbele ya herufi nyingine zote. Hivyo swali kuhusu fahamu ya msikilizaji likawa swali la tahajia. Hata kama kanuni ya tahajia, haikutosha, kwa sababu Kiingereza husikiliza sauti na wala hakisomi herufi: "university" huanza kwa herufi ya irabu lakini hutamkwa kwa sauti ya "yu", hivyo huchukua "a", na "hour" huanza kwa herufi isiyotamkwa, hivyo huchukua "an". Maneno hayo mawili yamewanasa watahiniwa wengi, nayo huulizwa kwa sababu hiyohiyo.

Kambarage alitoka Mwisenge kwenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akabatizwa Nyegina mwaka 1943 kwa jina la Julius, akasoma Makerere na baadaye Edinburgh, alikohitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Kilicho muhimu katika habari hii ni kwamba maisha yake yote alifanya kazi ya kuzilinganisha lugha, jambo ambalo shule iliyomlea haikulifanya. Mwaka 1955, alipojiuzulu ualimu katika shule ya Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi nyumbani, na kwa muda akawafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll, Wamarekani waliokuwa wameanza utume wao Musoma mwaka 1946, akiwasaidia pia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyosahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Anwani ya Kiingereza ya tamthilia hiyo ya pili, The Merchant of Venice, huanza kwa kibainishi dhahiri na humtaja mfanyabiashara mmoja ambaye msomaji anaalikwa kumtambua. Anwani ya Kiswahili imekiacha kibainishi, kama lugha inavyotaka, na imekwenda mbali zaidi kwa kumgeuza mmoja kuwa wengi, hata lawama ikaangukia tabaka zima. Mfasiri asiyejua uzito wa "the" asingeweza kuuondoa kwa makusudi ya namna hiyo.

Baada ya Uhuru uzito wa somo ulihama. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo moja kati ya mengi hadi mwanafunzi afike sekondari, ambako kiligeuka ghafla kuwa lugha ya masomo karibu yote. Kisha, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala cha TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote wa umri wa shule ifikapo Novemba 1977. Ni haki kulihesabu azimio hilo kati ya matendo makubwa ya taifa. Watoto wa vijiji vya Bunda na Butiama ambao wasingekanyaga darasa walikanyaga, na idadi ya wanafunzi nchini ilizidi maradufu katika miaka michache. Lakini watoto hao walihitaji walimu mara moja, na serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa kazi vijijini huku wakifundisha. Kijana huyo alikuwa amejifunza Kiingereza kama somo tu, tena kwa kanuni ya irabu tano, na ndiyo aliyoirithisha, kwa uaminifu, akiwa na kitabu kimoja kwa madawati mengi.

Matokeo yalidhihirika upesi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, pendekezo ambalo serikali haikulikubali. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kufuata masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo; na mwaka huohuo Nyerere, akikaribia mwisho wa urais wake, alitetea kufundishwa kwa Kiingereza akikilinganisha na Kiswahili, kwamba kinafanya ulimwenguni kazi inayofanywa na Kiswahili nchini. Mjadala huo mkubwa wa lugha ya kufundishia umeandikwa sana na unaendelea. Kilichosahaulika ndani yake ni kwamba, hata kabla ya kuamua lugha ipi ifundishie nini, lipo swali la namna ya kuifundisha lugha yenyewe.

Kosa la kibainishi linastahili kuchunguzwa kwa heshima, kwa sababu mara nyingi lina mantiki. Msemaji wa lugha ya Kibantu amezoea kwamba idadi ya nomino huoneshwa mwanzoni mwake, "ki-" ikawa "vi-", "m-" ikawa "wa-". Akikutana na "a book" na "books" anaona alama ya umoja ikikaa mbele na ya wingi ikikaa nyuma, na si ajabu akiziweka zote mbili kwa pamoja. Anayeandika "an advice" ametoka katika lugha ambamo shauri lina wingi wake, mashauri, na huhesabika bila shida. Anayeandika "an information" amezoea kusikia kwamba kuna habari mbili, moja njema na nyingine mbaya. Kiingereza kimeyatia maneno hayo katika kundi la vitu visivyohesabika, pamoja na maji na mchanga, na hakuna awezaye kuligundua hilo kwa kutafakari. Uchunguzi wa miongo ya karibuni kwa wasemaji wa Kirusi na Kikorea, hasa ule wa Tania Ionin na wenzake wa mwaka 2004, unaonesha kwamba wanaotoka katika lugha zisizo na kibainishi hawakosei ovyo: huyumba kati ya maswali mawili, kama msikilizaji anakitambua kitu hicho, au kama msemaji mwenyewe ana kitu mahususi akilini. Kiingereza huuliza la kwanza. Mwanafunzi anayejibu la pili hajakosa kufikiri, amejibu swali ambalo halikuulizwa, na kumwambia akumbuke irabu tano hakumsaidii chochote.

Mjini Musoma, katika kata ya Makoko, kuna shule ya lugha iliyoanzishwa na Maryknoll katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwafundisha Kiswahili wamisionari na wageni wengine. Kwa upande wa somo linalozungumziwa hapa, Makoko ni Mwisenge iliyogeuzwa. Mzungumzaji wa Kiingereza anayeanza Kiswahili huja na vibainishi viwili mkononi na kukuta hakuna mahali pa kuviweka; mwanzoni huona lugha imepungukiwa, hutamka "moja" kila mahali au hutawanya "ile" na "yule" mbele ya kila nomino, mpaka afundishwe kwamba tofauti anayoitafuta imo ndani ya kitenzi, katika "amekileta", na katika mpangilio wa "mzee mmoja" na "yule mzee". Somo hilo halihitaji kubuniwa upya kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Linahitaji kupinduliwa tu. Mwalimu wa Bunda anaweza kuanza na hadithi fupi ya Kiswahili ambayo darasa linaijua, akawataka wanafunzi wapige mstari chini ya kila "mmoja" asiyehesabu kitu na kila "yule" anayerejea nyuma, kisha akawataka waeleze ni wakati gani msikilizaji alikuwa bado hajamjua mhusika na ni wakati gani alikwisha kumjua. Wenye Kijaluo walete "moro" yao, wenye Kijita waseme "omunu" huvuliwa irabu yake wapi, kama huvuliwa. Baada ya hapo ndipo "a" iandikwe ubaoni mahali pa "mmoja" wa kwanza na "the" mahali pa "yule" wa pili, na kanuni ya "an" ibaki ya kipindi kinachofuata, ikifundishwa kwa sikio, pamoja na "hour" na "university".